Chasisi Kwanza: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Porini Aishiye Kisiwani Mombasa

Mwenye Land Cruiser, Land Rover, Pajero au Jimny akipata fedha kidogo za kulishughulikia gari lake, jambo la kwanza linalomjia ni kuliinua. Kisha hufuata matairi makubwa, bampa la chuma lenye winchi, keria ya paa na taa za ziada. Si vibaya kuyatamani hayo, maana tope la Kinango wakati wa mvua na mchanga wa kando ya mto Galana, Tsavo Mashariki, havimstahi mwenye gari la chini. Lakini anayeishi Kilindini, Ganjoni, Kizingo, Tudor au Mji wa Kale ana shida ambayo mwenzake wa Nanyuki hana: gari lake hulala kando ya bahari. Hoja ya mwongozo huu ni moja tu. Kwa gari la kisiwani, shilingi ya kwanza na jasho la kwanza viende chini ya gari, kwenye chasisi, mabomba ya breki na vishikio vya springi. Kila kinachoongeza kimo au uzito kingoje mpaka chuma kitakachokibeba kijulikane kuwa ni kizima. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo mtu asiye fundi aweza kuifanya nyumbani, kwa kuwa inadai subira kuliko mitambo.

Chuma hushika kutu popote penye maji na hewa. Chumvi huiharakisha kazi hiyo kwa njia mbili. Kwanza, kutu ni kitendo cha kikemia kinachoendeshwa na mikondo midogo ya umeme juu ya chuma chenyewe, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji matamu. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita. Pili, na hili ndilo linalosahauliwa, chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa na kuyeyuka pale unyevu unapofika kama asilimia 75. Hewa ya Mombasa huvuka kiwango hicho usiku hadi usiku. Gari ambalo halijaguswa na mvua wala wimbi huamka likiwa na unyevu ndani ya viungo vyake, kwa sababu ile chumvi iliyoletwa na upepo wa kusi na kutua kwenye mikunjo ya bati imekuwa ikivuta maji gizani. Ukilipeleka Tsavo likarudi na udongo mwekundu uliojaa juu ya reli za chasisi, udongo huo hukaa na unyevu kwa wiki nzima baada ya gari kuonekana kavu kwa nje. Kiangazi, basi, hakimpi mtu wa pwani likizo.

Wapo watakaosema kwamba mjini kuna Land Cruiser kuukuu zilizobeba saruji, samaki na watu miaka nenda rudi, na hakuna aliyewahi kuzipaka dawa ya kutu. Ni kweli zipo. Lakini tunaloliona barabarani ni lile lililosalia. Yaliyovunjika vishikio vya springi yakauzwa kwa kilo hayapo kutoa ushahidi. Tena mengi ya hayo yaliyosalia yamechomelewa viraka juu ya viraka, na mwenyewe akiulizwa atakwambia kila baada ya muda humrudia mchomeleaji. Lipo pia jambo la mzigo. Chasisi ilipigiwa hesabu na mtengenezaji kwa uzito fulani, na chuma kilichopungua unene huweza kuvumilia gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Ukining'iniza bampa la chuma na winchi mbele kabisa ya ekseli, uzito ule hauongezeki kwa kilo zake tu. Kila gari linapoanguka shimoni, ule umbali kutoka ekseli hadi bampa huuzidishia nguvu ya kuipinda chasisi. Reli iliyoliwa na kutu haina akiba ya kulipia hilo.

Wengine wana pingamizi tofauti: gari limeshuka melini juzi tu kutoka Japani, kutu itoke wapi? Kanuni ya Kenya, chini ya kiwango cha KS 1515, haikubali gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo ni kweli magari mengi yanayoshuka Kilindini si makongwe. Ila kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili theluji na barafu viyeyuke, na gari lililotumika huko miaka saba huja na mbegu ya kutu ndani ya chasisi. Ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa hutazama kama gari lafaa kuendeshwa siku ile; haukuahidi miaka kumi ijayo. Ukilala chini ya gari unalotaka kununua ukaona rangi nyeusi mbichi imepulizwa kila mahali, hata juu ya nati, nyaya na mpira wa breki, usifurahi upesi. Uliza imefunika nini.

Anza na ukaguzi, na ufanye kwa mikono, kwani macho peke yake hudanganyika. Liegeshe gari mahali palipo sawa, weka magogo kwenye magurudumu, liinue kwa jeki kisha lishushe juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja ya kuokota spana. Ua wa mchanga au wa mawe ya matumbawe hudidimia, kwa hiyo chini ya kila stendi tanguliza kipande cha ubao mnene. Chukua nyundo ndogo na bisibisi nene. Gonga reli ya chasisi kuanzia mbele kwenda nyuma na usikilize. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo huruka. Kilicholiwa hutoa sauti butu na magamba huanguka usoni, ndiyo maana miwani ya kinga ivaliwe kabla ya yote. Simama zaidi pale ambapo reli hupanda juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, kwenye mwamba wa nyuma kabisa, na kila mahali ambapo bomba la breki limebanwa kwa kishikio, maana maji hukaa nyuma ya kishikio hicho. Kwa Land Rover, usidanganywe na bodi. Gari hilo lilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 lilitumia aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na bodi hiyo haioti kutu nyekundu. Chasisi yake lakini ni chuma, tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye chumvi, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe.

Reli nyingi za magari haya ni mfano wa sanduku refu, zimefungwa pande zote nne, na kutu mbaya zaidi huanzia ndani. Chini ya reli kuna vitundu vya kutoa maji. Vizibue kwa waya mpaka udongo wote utoke, kisha pitisha kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu. Ukiona rangi ya kahawia iliyolala kama vumbi, umewahi. Ukiona magamba yaliyopandana kama kurasa za kitabu kilicholowa, chuma kimepungua unene na kazi ya nta na rangi haitakitosha; huko kunahitajika mchomeleaji.

Kinachofuata ni kuosha, na hapa kisiwa kina mtego wake. Maji ya bomba hayaaminiki kila siku, na visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Kuosha chini ya gari kwa maji ya kisima chenye chumvi ni kulirudishia lile lile unaloliondoa, tena ukilisukuma ndani kwa nguvu ya pampu. Atakayeuliza kwa nini maji matamu yapotezwe kwenye gari ilhali watu hununua mtungi kwa mtungi ana haki ya kuuliza. Jawabu ni kwamba maji mengi hayahitajiki. Udongo mzito waweza kuuondoa ukiwa mkavu, kwa brashi na kijiti, kisha ukatumia maji yoyote kuuregeza uliobaki. Msuuzo wa mwisho ndio uwe wa maji matamu, na lita 20 zinatosha ukizitia kwenye bomba la mkono linalotumiwa kupulizia dawa shambani. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Mwenye birika la kukusanya maji ya paa, kama nyumba nyingi za zamani za pwani zilivyokuwa nalo, ana dawa ya kwanza ya kutu nyumbani kwake.

Utaratibu wa kuondoa kutu una siri moja: chumvi hujificha kwenye vishimo vya kutu, na ukianza na grainda unaisaga na kuizika. Kwa hiyo osha kwanza, acha pakauke, piga brashi ya waya au msasa mpaka chuma king'ae, kisha osha tena kwa maji matamu na ukaushe kwa kitambaa na upepo wa feni. Watu wengi huiruka hiyo hatua ya pili ya kuosha, halafu baada ya miezi wanalaumu rangi kwa kutoa malengelenge. Penye vishimo ambavyo brashi haifiki, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki na ufuate maelezo ya kopo. Penye chuma cheupe tupu, praima yenye zinki nyingi ndiyo ya kuchagua. Zinki hujitoa iliwe kabla ya chuma, lakini hufanya hivyo ikiwa imegusana nacho moja kwa moja, kwa hiyo kuipaka juu ya rangi ya zamani au juu ya dawa ya kutu ni kutupa fedha. Juu yake ije rangi ya epoksi. Kilindini ni bandari, na rangi za epoksi za meli pamoja na wanaozijua havitafutwi mbali; tumia fursa hiyo, na umuulize muuzaji praima ipi inakubaliana na rangi ipi.

Wapakaji wa meli wana kanuni ambayo mwenye gari anapaswa kuiiga: chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambapo umande huanza kushika. Kwa Mombasa hilo lina maana ya moja kwa moja. Asubuhi na mapema chuma kina umande hata kama huuoni, na magharibi unaanza kurudi. Paka kuanzia saa nne hadi saa tisa mchana, kivulini, siku isiyo na wingu zito. Na msimu wenyewe uwe wa kaskazi, Januari na Februari, ambapo mvua ni haba kuliko miezi mingine. Anayengoja mpaka mvua za mwaka zianze ndipo akumbuke kutu anapaka rangi juu ya maji.

Nje ya reli pakiisha, ndani pawekewe nta maalumu ya kupuliziwa kwenye mashimo, kwa mpira mwembamba wenye ncha inayorusha pande zote. Ingiza mpira mpaka mwisho wa reli, kisha uvute polepole huku ukipuliza hadi nta ianze kudondoka kwenye vitundu vya chini. Usiache ikaviziba. Kuna wanaotetea oili chafu ya injini kwa kazi hii, kwa kuwa ni ya bure na wazee waliitumia. Ni kweli oili huzuia maji kwa muda. Lakini huoshwa upesi, huharibu mipira ya bushi na ya breki isiyotengenezwa kustahimili mafuta, ina mabaki ya injini yanayodhuru ngozi na yanayojulikana kuweza kuleta saratani, na kila tone linaloanguka kwenye ua wa Mji wa Kale mwisho wake ni mtaro, na mtaro mwisho wake ni bahari tunayovulia. Lami nzito inayopakwa chini ya gari nayo ina kasoro yake: ikikauka hupasuka, maji huingia nyuma yake, na kutu huendelea mahali ambapo nyundo haiisikii. Nta na mafuta ya sufu ya kondoo hubaki laini, na pakikwaruzwa hujisambaza. Hayadumu milele, yanataka kurudiwa kila mwaka. Pwani hii haishangazwi na kazi ya kurudiarudia. Mafundi wa majahazi walivipaka vyombo vyao sifa juu na deheni chini, safari hata safari, na hakuna nahodha aliyeona kwamba kupakwa mara moja kunatosha.

Sasa mipaka. Tundu kwenye sakafu ya bodi waweza kujifunzia kuchomelea. Tundu kwenye chasisi, karibu na kishikio cha springi au usukani, mpe mchomeleaji mwenye sifa, lakini uende ukijua la kumwambia. Sehemu iliyooza ikatwe yote mpaka chuma kizima, kwa kuwa kiraka kilichowekwa juu ya kutu kitaachia pembeni. Bati liwe la unene ule ule wa chasisi. Kiraka kichongwe ncha mithili ya almasi, ili mstari wa kuchomelea usikate reli wima kutoka juu hadi chini, maana hapo ndipo mipasuko huanzia. Plasta ya bodi haina kazi kabisa kwenye chasisi, na fundi anayelitoa kopo lake hapo aagwe. Kabla ya cheche ya kwanza, tenganisha betri, ondoa tangi la mafuta na mabomba yaliyo karibu, weka kizima moto mkononi mwa mtu mwingine, na usikubali kazi hiyo ifanyike kwenye ua ulioezekwa makuti au chini ya dari ya boriti kavu. Nambari ya chasisi, ambayo kwa Land Cruiser nyingi imechongwa kwenye reli ya kulia mbele, isiguswe na grainda. Safisha kwa kitambaa, paka nta. Nambari iliyofutika huzua maswali ya wizi, na kuyajibu si kazi ya siku moja.

Chasisi ikishakuwa nzima, tazama breki. Mabomba ya chuma yaliyo na vipele vya kutu yabadilishwe kwa yale ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo hayaoti kutu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa hewa yetu miaka miwili ni muda wa kutosha kuyamwaga. Boliti zinazouzwa madukani mwa vifaa vya meli, zile za chuma kisichoshika kutu, zinavutia, lakini tazama kichwa cha boliti unayoitoa. Ikiwa imeandikwa 10.9, nguvu yake inazidi megapaskali 1,000. Ile ing'aayo ya daraja la 70 ina kama 700. Itumie kwenye vishikio vya matope na keria, usiitie kwenye springi, usukani wala mikanda ya usalama. Nyaya nazo zina ugonjwa wa pwani: ukiona shaba imegeuka kijani ndani ya kiungo, kata mpaka shaba safi. Na taa zikififia bila sababu, kabla ya kununua alternata mpya, fungua waya wa ethi unaoshika kwenye bodi na chasisi, ukwaruze chuma, uupake grisi na uurudishe.

Hapo ndipo pa kuzungumza juu ya kuinua. Watu wengi huamini kwamba springi ndefu hulipa gari nafasi zaidi ya chini. Huinua bodi na chasisi. Difu hubaki palepale, kwa kuwa ekseli hukaa juu ya magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi pekee, na si kwa kiasi kikubwa. Kutoka tairi la 265/70R16 kwenda 285/75R16, kipenyo huongezeka milimita 57 hivi, na difu hupanda nusu yake, kama milimita 28. Kwa faida hiyo utalipa: kipimo cha mwendo kikionyesha 80, kwa kweli utakuwa karibu na 86, injini itakuwa kama imepandishwa gia, na breki zitakuwa zinasimamisha gurudumu zito zaidi. Springi zikizidi sentimita 5 huanza kudai vingine: mpira wa breki huwa mfupi, propela hukaa kwa pembe mbaya, na kwenye magari ya springi za mviringo ile fimbo inayoishika ekseli isiende pembeni huivuta upande mmoja. Kwa safari za Tsavo na Shimba Hills, springi mpya za kimo cha kiwandani au za sentimita 5, pamoja na shokabzoba nzuri, zinatosha. Keria ya paa iachie vitu vyepesi. Na kamba ya winchi au ya kuvutia isifungwe popote ila kwenye ndoana iliyofungwa kwa boliti kwenye chasisi uliyoikagua. Kipande cha chuma kikichomoka kwenye kamba iliyokazwa huua.

Atakayesema hana nafasi, hasa kwenye vichochoro vya Kibokoni, hasemi uongo. Lakini kazi yenyewe haihitaji gari lisimame mwezi mzima. Igawe kwa kona: Jumamosi moja gurudumu la nyuma kulia, Jumamosi nyingine la kushoto, na gari litembee katikati ya wiki. Jirani aarifiwe kuhusu kelele na vumbi, oili iliyotolewa itiwe kwenye mtungi na kupelekwa kwa wanaoikusanya. Na anayesema fundi ni rahisi, ampe fundi kazi ambayo fundi huifanya vizuri zaidi: kuchomelea, kupanga magurudumu, kufungua gia boksi. Kuosha, kukwaruza, kungoja pakauke na kupaka tena ni saa nyingi ambazo hakuna gereji itakayozitumia kwa bei unayotaka kulipa, na ndizo zinazoamua umri wa gari. Ukibadilisha injini, rangi au umbo la bodi, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, inataka kumbukumbu zirekebishwe, na kampuni ya bima iambiwe kuhusu winchi na springi kabla ya ajali, si baada yake.

Mvua za mwaka hukaribia Machi ikiisha. Ukitaka gari liende porini mwaka huu, lipandishe juu ya stendi Januari, gonga chasisi yote kwa nyundo, na usiagize springi mpya mpaka umemaliza kugonga.